Akupancha kwa kiuno kinachouma zaidi ya miezi 3: inasaidia wapi, inaishia wapi (uzi mrefu)

#1 Pingili_Tano (Kisumu)

Wadau, swali la akupancha, yaani sindano za Kichina, kwa maumivu ya kiuno halikauki humu, na majibu huwa mawili tu: "zinaponya kila kitu" au "ni mazingaombwe". Yote mawili yanamla mtu pesa. Naweka ninachokijua, wenye ujuzi waongeze na wakosoe.

Kwanza tuelewane ni kiuno gani. Ni maumivu yaliyo chini ya mbavu na juu ya mikunjo ya makalio, yamepita wiki 12, na uchunguzi haujapata ugonjwa maalumu unaoyaleta. Hicho ndicho kiuno ambacho akupancha imefanyiwa utafiti zaidi. Kiuno kilichoshikwa Jumamosi baada ya kupakia mawe kwenye lori hakimo humu. Hicho mara nyingi hutulia chenyewe ndani ya wiki chache, mradi usilale kitandani kutwa. Na kiuno chenye homa pia hakimo. Hicho ni cha hospitali.

Sindano yenyewe ni uzi mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Haina tundu wala haipitishi dawa. Kwa mgongo hutumika unene wa 0.25 au 0.30 mm, urefu 40 mm. Kwenye makalio hufika 50 hadi 75 mm kutegemea mwili wa mtu. Sindano ya dawa ya namba 21 ina unene wa 0.8 mm, kwa hiyo anayeogopa kudungwa ajue hapa anazungumzia kitu chembamba karibu mara tatu.

Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo ili kiuno kisibonyee, mwingine chini ya vifundo vya miguu. Kwa kawaida hudungwa sindano 8 hadi 16: kiunoni, makalioni na miguuni. Tabibu huizungusha kidogo au kuipandisha na kuishusha mpaka usikie uzito au mvuto mzito unaosambaa. Ukisikia mchomo mkali kama moto au shoti ya umeme inayoshuka mguuni, sema hapo hapo. Hiyo ni neva imeguswa na sindano inafaa irudishwe nyuma milimita kadhaa. Usijikaze kiume. Kisha zinaachwa dakika 20 hadi 30.

Ratiba ya kawaida ni mara 2 kwa wiki kwa wiki 2 au 3 za mwanzo, halafu mara 1 kwa wiki, jumla vikao 8 hadi 12. Kabla ya kikao cha kwanza andika mambo matatu: maumivu ya wastani ya wiki hiyo kwa kipimo cha 0 hadi 10; dakika unazoweza kukaa au kusimama kabla ya kiuno kulalamika; na idadi ya vidonge vya maumivu unavyomeza kwa wiki. Kushuka kwa pointi 2 au thuluthi hivi ndiko kunakohesabika kuwa nafuu ya kweli. Ukifika kikao cha 6 na hakuna kati ya hayo kilichosogea, acha. Kuendelea ni kumchangia mwenye kliniki kodi ya nyumba.

#2 Kiti_Cha_Nyuma

Omera, asante. Swali la watu wa bodaboda: kuna fundi wa sindano anasema atarudisha diski (kile kimto cha kati ya pingili za mgongo) mahali pake kwa vikao 20, lakini ulipe vyote mbele. Inawezekana?

#3 Pingili_Tano

@Kiti_Cha_Nyuma hapana, mara mbili. Sindano hairudishi diski. Ncha yake inaishia kwenye misuli na utando unaoizunguka. Haifiki kwenye diski na haitakiwi kufika. Diski iliyochomoza mara nyingi hunywea yenyewe kadiri miezi inavyopita, na atakayekuwa anakudunga wakati huo ndiye atakayechukua sifa.

Jambo la pili ni picha. Watu wanabeba picha ya MRI ya mgongo mkononi kama hati ya kifungo. Uchambuzi uliochapishwa 2015 ulikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote: dalili za diski kuchakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo ripoti ikisema "diski imechakaa" kwa dereva wa miaka 45, bado hujajua kama hiyo ndiyo inayouma.

Vikao 20 vilivyolipiwa mbele ni biashara. Lipia kimoja kimoja, au vinne ukiona unapunguziwa bei ya maana.

#4 Takwimu_Nakuru

Naomba tuingize namba kabla watu hawajaanza kusifu.

Utafiti mkubwa wa Ujerumani wa 2007, unaojulikana kama GERAC, ulikuwa na wagonjwa 1,162. Makundi matatu: akupancha ya kweli, akupancha ya kuigiza (sindano zinaingia milimita 1 hadi 3 tu, mahali pasipo na pointi, yaani nje ya sehemu maalumu za kudunga zinazofundishwa), na matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Vikao 10, dakika 30 kila kimoja. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa akupancha ya kweli, 44.2 kwa ya kuigiza, na 27.4 kwa matibabu ya kawaida.

Soma namba hizo polepole. Sindano zilishinda vidonge na mazoezi kwa mbali. Lakini sindano za kweli hazikuzishinda za uongo kwa tofauti inayohesabika.

2009 Marekani wakaenda mbali zaidi: watu 638, na kundi moja liliguswa na kijiti cha kuchokolea meno ndani ya kibomba cha sindano, ngozi haikutobolewa kabisa. Kundi hilo nalo lilipata nafuu sawa na waliodungwa.

Halafu mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti: tafiti 33, washiriki 8,270. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, akupancha ilipita ile ya kuigiza kwa pointi 9 hivi mara baada ya matibabu, na waandishi walikuwa wameweka pointi 15 kuwa mpaka wa nafuu inayomgusa mgonjwa. Ikilinganishwa na kutofanya chochote, tofauti ilikuwa pointi 20 hivi.

Mimi nasoma hivi: kudungwa kunasaidia kuliko kukaa tu, lakini mahali hasa pa kudunga hapana uzito ambao walimu wa akupancha wanadai. Anayekuambia pointi fulani "inafungua figo" anakuuzia ramani.

#5 Pingili_Tano

Takwimu_Nakuru namba zako ni sahihi na sibishani nazo. Nabishana kidogo na ile sentensi kwamba mahali hasa pa kudunga hapana uzito.

Sindano ya kuigiza si kidonge cha unga. Ikiingia milimita 2 bado imegusa neva za ngozi, mtu bado amelala dakika 30 kwenye chumba kimya, na bado ameshikwa mgongo na mtu anayemsikiliza. Hilo linapunguza tofauti kati ya makundi. Uchambuzi wa Vickers na wenzake uliosasishwa 2018 uliunganisha data za mgonjwa mmoja mmoja, watu 20,827 katika tafiti 39 za maumivu sugu ya aina mbalimbali, ukakuta akupancha ya kweli inaipita ya kuigiza: tofauti ndogo, lakini ipo. Kundi hilo la watafiti pia lilionyesha kuwa sehemu kubwa ya nafuu, takriban asilimia 85, bado ilikuwepo mwaka mmoja baadaye.

Na mwilini kuna kitu kinachotokea. 1977 ilionyeshwa kuwa dawa ya naloxone, ile inayozuia afyuni, hupunguza ganzi inayoletwa na akupancha. Maana yake mwili unatoa vituliza-maumivu vyake wenyewe. Kuhusu ramani ya figo nakubaliana nawe kabisa. Akupancha ya jadi inadai pointi ziko kwenye mifereji ya nishati mwilini, lakini hakuna mfereji ambao mpasuaji yeyote amewahi kuuona.

#6 Takwimu_Nakuru

Sawa. Basi tuandike kwamba hata wakubwa hawajakubaliana. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, 2009 iliruhusu hadi vikao 10 ndani ya wiki 12, kisha 2016 ikageuka na kusema isitolewe kwa maumivu ya kiuno. Chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, ACP, 2017 kikaiweka kati ya matibabu ya kuanza nayo kabla ya dawa. Bima ya Medicare huko huko inalipia tangu Januari 2020: vikao hadi 12 ndani ya siku 90, na 8 zaidi ikiwa kuna maendeleo, visizidi 20 kwa mwaka. Na Shirika la Afya Duniani, Desemba 2023, limeikubali kwa masharti, pamoja na elimu, mazoezi, kukandwa na tiba nyingine.

Data nyingi ni zile zile. Waliouliza "je, inaishinda ya kuigiza?" waliikataa. Waliouliza "je, mgonjwa anafanya kazi zake vizuri kuliko bila hiyo?" waliikubali.

#7 Sista_Glavu (Kakamega)

Hamjambo nyote. Mnabishana kuhusu asilimia na hakuna aliyetaja usafi. Naomba nafasi.

Kila sindano itumike mara moja, kwa mtu mmoja, itupwe. Hakuna "sindano zako tunakuwekea mpaka wiki ijayo", hata zikiwekwa kwenye chupa yenye jina lako na spiriti. Spiriti haiui kila kitu, na homa ya ini aina ya B imewahi kusambaa kwa njia hiyo hiyo katika nchi mbalimbali: sindano za akupancha zilizorudiwa. Kirusi hicho kinaweza kudumu nje ya mwili siku 7.

Ukiwa kitandani angalia haya. Pakiti ifunguliwe mbele yako. Iwe na tarehe ya kuisha na maandishi kwamba imetakaswa, mara nyingi kwa gesi ya ethilini oksidi. Karatasi ya nyuma isiwe imelowa au kutoboka. Pakiti nyingine zina sindano 5 au 10 kwa kibomba kimoja, hiyo ni sawa kama zote ni zako. Tabibu aoshe mikono au apake kitakasa mikono. Asishike mwili wa sindano kwa vidole vitupu. Anashika mpini tu. Sanduku la njano la kutupia vyenye ncha kali liwe karibu na mkono wake, si chupa ya soda mlangoni.

Sindano zihesabiwe zikiingia na zihesabiwe zikitoka. Inachekesha mpaka pale mtu anapoketi kwenye matatu na moja bado iko kwenye tako.

Anayeosha shuka au kufagia kliniki akichomwa na sindano iliyotumika: aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue damu, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia HIV baada ya ajali zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na humezwa siku 28.

#8 Kliniko_Magharibi

Ongezeo kutoka dawati la kliniko (afisa wa kliniki). Kabla ya kufikiria sindano, ondoa magonjwa yanayojificha kiunoni. Kwa huku kwetu orodha yangu haifanani na ile ya vitabu vya Ulaya.

TB ya mgongo iko juu. Maumivu yanayozidi polepole kwa miezi, kutokwa jasho usiku, kukonda, homa za jioni, na pingili moja inayouma ukiigonga kwa kidole au inayoanza kuchomoza. Mtu wa namna hii anaweza asikohoe hata kidogo. Mwenye HIV yuko hatarini zaidi. Kumdunga na kumwambia arudi Alhamisi ni kumpotezea miguu.

Brusela inakuja pili: wafugaji, wachinjaji, na wanaokunywa maziwa mabichi au mala ya maziwa yasiyochemshwa. Homa inayokuja na kuondoka, viungo vyote vinauma, kiuno na nyonga hasa.

Halafu selimundu. Kanda ya ziwa na magharibi inao wengi, na maumivu ya mifupa kwao yanaweza kuwa mfupa unaokosa damu, hasa kichwa cha paja. Mtu anashika kiuno kumbe nyonga ndiyo imeharibika.

Mwanamume aliyepita miaka 50 mwenye maumivu mapya ya kiuno yanayomwamsha usiku apimwe tezi dume. Mwanamke mwenye historia ya saratani ya matiti, hali kadhalika. Kijana chini ya miaka 45 anayeamka amekakamaa zaidi ya nusu saa, akitembea analegea na akipumzika anazidi, huyo aangaliwe uvimbe wa viungo vya mgongo.

Na hii haingoji asubuhi: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo kukataa kutoka au kutoka bila habari, choo kujiendea, mguu kulegea mpaka kidole gumba hakiinuki. Ni neva za mwisho wa uti zimebanwa. Nenda Russia (hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga) pale Kisumu, hospitali ya Moi kule Eldoret, au Level 5 ya Nakuru, mahali penye daktari wa upasuaji, usiku huo huo.

#9 Nyar_Dunga

Asanteni madaktari. Swali: mama wa miaka 62, ana kisukari, anameza dawa za presha na aspirini ndogo ya kila siku, kiuno ni miaka. Adungwe au asidungwe?

#10 Sista_Glavu

Nyar_Dunga dada yangu, anaweza, kwa masharti. Aspirini ndogo pekee haizuii; asiiache kwa sababu ya sindano, maana aliyemwandikia alikuwa na moyo wake akilini. Alama za bluu zitakuwa nyingi kidogo, abanwe kwa pamba kavu dakika moja kila sindano inapotoka. Angekuwa kwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ingekuwa habari nyingine: kipimo cha INR (kasi ya damu kuganda) cha karibuni kiwe ndani ya kiwango chake, sindano fupi, pasidungwe kwa kina makalioni wala nyuma ya goti.

Kisukari: mwambieni tabibu aache miguu na nyayo ikiwa ana ganzi au kidonda. Asitumie joto la moksa (majani makavu yanayochomwa karibu na ngozi) wala taa ya joto mahali asiposikia vizuri, ataungua bila kujua. Ale kwanza. Mwenye kisukari aliyemeza dawa asubuhi bila chakula kisha akalala kitandani anaweza kushukiwa na sukari, na watu watadhani amezimia kwa sindano.

Kuzimia kwenyewe kupo, hasa kikao cha kwanza, hasa vijana wenye njaa. Dalili ni jasho baridi, midomo kupauka, kichefuchefu. Tabibu atoe sindano zote, amlaze chali, ainue miguu juu ya kiti. Dakika chache anarudi. Ndiyo sababu kikao cha kwanza hakifanywi mtu amekaa.

Mjamzito: pointi za kiunoni chini, za juu ya mfupa wa kitako, na zile za kifundo cha mguu kama Kunlun na Sanyinjiao huepukwa na wengi. Asiyejua uzoefu wa tabibu wake asubiri ajifungue.

#11 Pingili_Tano

Mtu ameniuliza pembeni pointi ni zipi hasa. Naziandika ili ujue mtu anakufanyia nini. Si mwongozo wa kujidunga.

Tafuta juu ya mifupa miwili ya nyonga, weka viganja, vidole gumba vikutane katikati ya mgongo. Hapo ni karibu na pingili ya 4 ya kiuno, ingawa kwa kupapasa kidole huangukia juu kidogo, pengine ya 3, na kwa mtu mnene kosa huongezeka. Kipimo cha Kichina ni cun: upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, ni cun 1.5.

Shenshu (BL23, namba yake kwenye ramani ya akupancha) iko vidole viwili kando ya mwiba wa pingili ya 2. Dachangshu (BL25) vidole viwili kando ya pingili ya 4. Kila upande, kwa hiyo sindano 4. Kina ni milimita 25 hivi, zaidi kidogo kwa mwenye nyama, ncha ikielekea uti kidogo. Kwa nini isielekee nje? Kwa sababu nje na juu kuna figo, ambazo hushuka mpaka usawa wa pingili ya 3, na mtu mwembamba hana nyama ya kukulinda. Huatuojiaji ziko nusu cun tu kutoka katikati, karibu na misuli midogo ya pingili.

Miguuni ni Weizhong (BL40), katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti. Hapo chini kuna neva na mishipa mikubwa ya damu, haifai kuchimbwa. Kunlun (BL60), kati ya kifundo cha nje na kano ya kisigino. Maumivu yakishuka mguuni huongezwa Huantiao (GB30) kwenye kalio, sindano ndefu ya 50 hadi 75 mm, karibu na njia ya neva ya siatiki. Hii ndiyo inayotaka mkono uliofundishwa kuliko zote.

Na ashi, yaani popote panapouma ukibonyeza. Kwa maoni yangu hizi ndizo zinazofanya kazi kubwa: pembeni mwa uti, misuli ya quadratus lumborum (kati ya ubavu wa mwisho na nyonga), na juu ya kalio kwa nje. Wafiziotherapia hufanya jambo hilo hilo kwa jina la sindano kavu, bila lugha ya nishati.

Kinachoharibika mara nyingi: sindano kugoma kutoka. Misuli imekaza, au imezungushwa upande mmoja tu mpaka nyuzi za tishu zikajisokota juu yake. Haivutwi kwa nguvu. Mgonjwa apumue, pagongwegongwe pembeni, ama sindano nyingine iwekwe karibu misuli ilegee. Kama ni kujisokota, izungushwe kinyume. Sindano kupinda hutokea mgonjwa akijigeuza, kwa hiyo ukitaka kukohoa, sema kwanza.

#12 Kamba_Ya_Jembe

Sindano zenyewe naona zinauzwa mtandaoni boksi la 100. Si mtu ajidunge tu nyumbani? 😅

#13 Kliniko_Magharibi

Mzee, wacha. Mgongo wako huuoni na mkono wako unaufikia kwa pembe mbaya. Kingo za chini za utando wa pafu hushuka nyuma mpaka karibu na pingili ya 1 ya kiuno. Mtu akidhani yuko kiunoni kumbe yuko kwenye ubavu wa 12, anatoboa, hewa inaingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa: kifua kuchoma upande mmoja, kukosa pumzi. Ikitokea baada ya kikao chochote, ni eksirei ya kifua, si chai ya tangawizi.

Kwa wataalamu ni nadra sana. Ujerumani walifuatilia wagonjwa 229,230: asilimia 8.6 waliripoti tatizo lolote, nyingi zikiwa damu kuvia (6.1) na maumivu, hewa kifuani ilitokea kwa watu wawili. Lakini hao walidungwa na madaktari waliosomea.

#14 Kiti_Cha_Nyuma

Na zile za kuunganishwa na umeme? Na vikombe vya kufyonza ngozi ya mgongo?

#15 Pingili_Tano

Umeme: klipu mbili zinabana sindano mbili za upande mmoja, masafa ya chini (2 Hz) au ya juu (100 Hz), mashine nyingi hubadilishana. 2 Hz hufanya misuli icheze taratibu, 100 Hz hutoa mtetemo tu. Kazi za Han Jisheng wa Beijing zilionyesha kuwa kila masafa yanachochea kituliza-maumivu tofauti mwilini. Nguvu ipandishwe kutoka sifuri mpaka uisikie bila kuuma, na ishushwe hadi sifuri kabla ya klipu kutolewa. Mwenye betri ya moyo asiguswe na mashine hiyo. Mkondo usivuke kifua.

Vikombe: vinalegeza kwa siku moja mbili na kuacha miviringo ya zambarau. Vile vya kuchanja na kutoa damu sivishauri. Hatari ya maambukizi ni ya bure.

Unga wa kienyeji usio na lebo unaouzwa na sindano, kataa. Ukimeza na maumivu yakapotea usiku mmoja, halafu uso ukaanza kuvimba na sukari kupanda baada ya wiki, ndani yake huenda kuna steroidi (dawa kali ya kupunguza uvimbe).

#16 Mama_Mabwawa

Mishipi ya kiuno ile ya elastiki je? Na mashine za kuvuta mgongo?

#17 Fizio_Bonde (Nakuru)

Mama, mwongozo ule ule wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema mishipi na kuvutwa visitumike kwa kawaida kwa kiuno sugu. Vivyo hivyo mashine ya TENS (inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi) na altrasaundi ya matibabu, ambazo kliniki nyingi bado zinatoza.

Nimesoma uzi wote na naona sindano zinapewa kazi isiyo yao. Kikao kimoja kinapunguza maumivu kwa saa au siku kadhaa. Muda huo ndio wa kusogeza mwili. Ukitoka kudungwa ukaenda kulala, kikao kimepotea. Ninavyopanga mimi: siku ya sindano, kutembea tambarare dakika 10 hadi 15, bila kubeba mzigo. Kesho yake yanaanza mazoezi matatu.

La kwanza, daraja: lala chali, magoti juu, inua makalio, shikilia sekunde 5, mara 10, seti 2. La pili: piga magoti na mikono, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, sekunde 5, badilisha, mara 8 kila upande, kiuno kisiyumbe. La tatu, kuinama kwa nyonga: fimbo mgongoni iguse kichwa, kati ya mabega na mfupa wa kitako, uiname bila fimbo kuachana na sehemu hizo tatu. Hili la tatu ndilo linalomfaa mkata miwa wa Nzoia au Muhoroni, mchuma chai wa Kericho na anayepalilia kwa jembe fupi. Kila wiki ongeza marudio 2 kwa kila zoezi. Maumivu yakipanda hadi 4 au 5 kati ya 10 na kutulia kabla ya kesho asubuhi, endelea. Ukilala nayo mpaka kesho, punguza nusu.

Dereva wa bodaboda: pikipiki yenye usukani wa mbali inakupindisha saa nane kwa siku. Sogeza usukani karibu, shuka kila unapongoja abiria. Na usijiendeshe kilomita 30 za barabara mbovu mara baada ya kikao. Misuli imelegea na mwili unayumba.

#18 Takwimu_Nakuru

Fizio_Bonde umesema nilichokuwa natafuta. Kama nafuu ya kila kikao ni ya muda na njia yake haijulikani vizuri, matumizi yake ya busara ni kama kijiti cha kushikia mlango wakati unapitisha mizigo.

Gharama basi: mtu apige hesabu ya kikao mara 10, aongeze nauli ya kwenda na kurudi mara 10, na siku za kazi zinazopotea. Akiwa anatoka Siaya au Busia kwenda Kisumu mjini, nauli na muda vinaweza kuipita bei ya sindano. Kwa pesa hizo anaweza kumwona fiziotherapia wa hospitali ya kaunti mara tatu nne na kufanya mazoezi nyumbani.

#19 Nyar_Dunga

Na nitajuaje anayedunga amesoma?

#20 Fizio_Bonde

Uliza leseni ya mwaka huu, si cheti cha ukutani chenye nembo za dhahabu. Akiwa mfiziotherapia, awe kwenye orodha ya baraza lililoundwa na Sheria ya Wafiziotherapia ya 2014. Akiwa daktari, baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha yao. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba asili na mbadala, lakini kutambuliwa kwa tiba hakumpi mtu yeyote mkono wa kudunga.

Halafu muulize maswali mawili: "Nisipopata nafuu utaniachisha kikao cha ngapi?" na "Ni dalili gani zingekufanya usinidunge leo?" Akikosa la pili, vaa viatu. Kwa mama yako, nenda na karatasi ya dawa zake zote na kipimo cha sukari cha wiki hii, na umwombe aanze na sindano 6 au 8 za kiunoni tu, dakika 15, miguu iachwe. Mkirudi nyumbani mwangalieni ngozi ya kiuno kwa siku 3: wekundu unaopanuka, joto au usaha si mambo ya kusubiria kikao cha pili.

#21 Kamba_Ya_Jembe

Boksi la 100 nimelitoa kwenye kapu la kununua. Fimbo ya Fizio iwe na urefu gani?

#22 Fizio_Bonde

Ya kutoka kitakoni mpaka juu ya kichwa, mita 1.2 inatosha wengi. Mpini wa jembe lako unafaa, toa chuma kwanza.